Ibada majumbani: Mipaka ya sheria ya ardhi na haki ya mja kumuabudu Mola wake

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumzia suala linaloigusa kila familia ya Kiislamu, mjini na kijijini. Je, Muislamu anapowakusanya jamaa na majirani zake nyumbani kwake kwa ajili ya ibada, anahitaji ruhusa ya nani? Anapowaita watu kwa khitma ya marehemu wake, anaposomesha watoto wa mtaa Qur'ani Tukufu barazani kwake, mkewe anapokaa na wanawake wenzake kwa darsa kila wiki, au anapokuwa na halaka ya dhikri kila usiku wa kuamkia Ijumaa, je, hayo ni mambo ya faragha ya nyumba yake? Ama amekwishageuza kiwanja cha makazi kuwa kiwanja cha ibada, na hivyo kuingia katika makosa ya mipango miji?

Swali hili limekuja kwa nguvu katika miaka ya karibuni. Jirani zetu wa Rwanda walifunga zaidi ya makanisa 700 pamoja na msikiti katika mji wa Kigali mwanzoni mwa mwaka 2018, kwa hoja za usalama wa majengo, usafi na kelele. Mwaka huo huo wakatunga sheria inayozitaka nyumba za ibada zitimize masharti maalumu na viongozi wake wawe na elimu ya dini inayotambulika, na mwaka 2024 wakafunga nyingine zaidi ya 5,000. Nchini Kenya, baada ya msiba wa Shakahola wa mwaka 2023, ambapo miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mjadala wa kuzibana jumuiya za dini kwa sheria mpya ulipamba moto. Hapa kwetu, Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa la Ufufuo na Uzima la jijini Dar es Salaam, hadi Serikali ilipotangaza Novemba mwaka huo huo kulifungua tena.

Sisi na wenye kanisa lile hatuna itikadi moja. Lakini kufungwa kwake kulizusha swali ambalo Muislamu hana budi kujiuliza: jengo linapofungwa na jumuiya kufutwa, je, muumini naye amezuiwa kumuomba Mungu akiwa nyumbani kwake pamoja na jirani yake? Kama jibu ni hapana, basi mpaka uko wapi?

Nyumba katika mafundisho ya Uislamu

Tuanze na dini yetu. Ibada ya Kiislamu haikufungwa ndani ya kuta za msikiti. Miongoni mwa mambo aliyohusishwa nayo Mtume wetu (S.A.W.) ni kwamba ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia, na swala ikimkuta Muislamu popote, aswali. Katika Suratu Yunus, aya ya 87, tunasoma jinsi Mwenyezi Mungu alivyowaamuru Nabii Musa na ndugu yake Harun (A.S.) wawatengee watu wao majumba katika Misri, wayafanye kuwa mahali pa kuelekea na wasimamishe humo swala. Wafasiri wengi wameeleza kwamba hilo lilikuwa wakati wa hofu ya Firauni, pale ibada ya wazi ilipokuwa hatari.

Mtume (S.A.W.) na masahaba wake wa mwanzo walikutana katika nyumba ya Al-Arqam mjini Makka. Kadhalika, katika Sahihi Bukhari na Muslim imepokewa habari ya sahaba Itban bin Malik (R.A.), aliyekuwa akiwaswalisha watu wake, macho yake yakadhoofu, na mvua ikinyesha bonde baina yake na msikiti likawa halipitiki. Akamuomba Mtume (S.A.W.) aende kuswali nyumbani kwake ili sehemu hiyo aifanye mahali pa swala. Mtume (S.A.W.) akaenda pamoja na Abubakar (R.A.), akauliza ni sehemu gani ya nyumba anayoipenda, akaswali hapo rakaa mbili, na watu wa mtaa ule wakakusanyika.

Lakini iko habari nyingine katika Sahihi Bukhari inayofanana zaidi na mjadala wetu. Abubakar (R.A.), kabla ya Hijra, aliwekwa chini ya ulinzi wa mtu mmoja mashuhuri aliyeitwa Ibn Daghina. Makuraishi wakaukubali ulinzi huo kwa sharti kwamba Abubakar aabudu ndani ya nyumba yake wala asijidhihirishe. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akajenga mahali pa swala katika uwanja wa nyumba yake, akawa anaswali na kusoma Qur'ani hapo. Wanawake na watoto wa Kikuraishi wakawa wanasongamana kumsikiliza, naye alikuwa mtu wa kulia sana asomapo. Wakuu wa Makka wakaingiwa na hofu, wakamlalamikia Ibn Daghina kwamba sharti limevunjwa. Abubakar akaambiwa achague: ama arudi ndani, ama arudishe ulinzi. Akaurudisha ulinzi, akaridhika na ulinzi wa Mola wake.

Tuitazame habari hii kwa makini. Makuraishi hawakusema kuwa ukuta wa nyumba ile umejengwa vibaya, wala kwamba majirani hawapati usingizi. Walichokiogopa ni maneno yaliyokuwa yakisomwa na nyoyo zilizokuwa zikivutika. Mpaka wa uwanja wa nyumba ulikuwa kisingizio tu. Hapa ndipo penye kipimo cha kwanza cha kuzipima kanuni zote za namna hii, za zamani na za leo: je, kinachozuiliwa ni madhara yanayoonekana, ama ni ibada yenyewe?

Katiba inasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tangu haki za msingi zilipoingizwa humo mwaka 1984, inamhakikishia kila mtu uhuru wa imani na dini katika Ibara ya 19. Ibara hiyo inaeleza kuwa kuabudu na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 16 inailinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake, na Ibara ya 24 inailinda mali yake. Mtu anayeswali na wageni wake nyumbani kwake amesimama juu ya nguzo hizo nne kwa pamoja.

Hata hivyo, haki hizo zina mipaka. Ibara ya 30 inaruhusu kutungwa kwa sheria zinazozibana haki hizo kwa maslahi ya umma, na miongoni mwa maslahi yaliyotajwa humo, mbali na ulinzi, amani na afya ya jamii, ni mipango ya maendeleo ya miji na vijiji. Kwa hiyo, anayedai kwamba sheria za ardhi hazina neno lolote mbele ya dini hajaisoma Katiba hadi mwisho.

Lakini anayedhani kwamba kutaja tu maneno "mipango miji" kunatosha kuifuta haki ya kuabudu naye hajaisoma vizuri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun iliyoamuliwa mwaka 1993, iliweka wazi kwamba sheria inayobana haki ya msingi lazima itimize masharti mawili. Kwanza, isiwe ya kiholela, bali iwe na kinga za kutosha dhidi ya kutumiwa vibaya na wenye madaraka. Pili, isibane zaidi ya kiasi kinachohitajika kulifikia lengo lake halali. Masharti haya yanapaswa kujulikana na kila imamu na kila kamati ya msikiti.

Mbesa na Songea: ardhi mbili, taratibu mbili

Suala hili halina sura moja nchi nzima, na mkoa wa Ruvuma unatupa mfano mzuri. Chukua Manispaa ya Songea, kisha chukua Mbesa, wilayani Tunduru, kusini mwa mkoa huo huo.

Katika mji kama Songea, maeneo yaliyopangwa yana michoro ya mipango miji, na kila kiwanja kimeandikiwa matumizi yake: makazi, biashara, huduma za jamii, ibada. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanja cha makazi anayetaka kukitumia kwa shughuli nyingine aombe kubadili matumizi. Wasomaji wa magazeti wanazifahamu ilani za kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, ambazo hutolewa ili jirani mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Juu ya hapo pana kibali cha ujenzi, na pana kanuni za mazingira za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo vipaza sauti vya misikiti na vya makanisa havikuachwa nje.

Mbesa hali ni nyingine. Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Humo msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote watu wazima. Hati anayopewa mtu ni ya hakimiliki ya kimila. Matumizi ya ardhi hupangwa na wanakijiji wenyewe kupitia mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Watu wa Tunduru si wageni wa mipango hiyo, kwani vijiji vilivyoingia katika hifadhi za wanyamapori za jamii, kama za Nalika na Chingoli, vilitakiwa kuwa nayo.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mjini Songea, anayeweza kumbana mwenye nyumba ni ofisa mwenye mchoro mkononi. Kijijini, anayeweza kumbana ni jirani zake wenyewe waliokaa mkutanoni. Na kijijini kuna hatari nyingine, nayo ni amri za mdomo. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, lakini sheria ndogo hiyo hupitia kwa wanakijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Neno la kiongozi mmoja kwamba "kuanzia leo hakuna kukusanyika majumbani kwa dini" si sheria ndogo, hata likitamkwa kwa ukali namna gani.

Nyumba inaacha lini kuwa nyumba?

Tunafika sasa kwenye kiini cha mada. Kwa maoni yetu, mikusanyiko ya ibada majumbani iko ya namna tatu, na kosa kubwa linalofanywa na baadhi ya viongozi, na pia na baadhi ya Waislamu, ni kuichanganya.

Namna ya kwanza ni ibada ya familia na wageni wake: swala ya jamaa nyumbani, khitma, dua, maulidi, akika, kuswali tarawehe na jamaa. Hii ni sehemu ya kuishi katika nyumba. Kama ambavyo hakuna anayeomba kubadili matumizi ya kiwanja kwa sababu ya karamu ya harusi, ndivyo ambavyo hapahitajiki kibali kwa ajili ya khitma. Mwaka 2020, misikiti ya Kenya ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, Waislamu wa huko waliswali tarawehe majumbani mwao mwezi mzima wa Ramadhani, na hakuna aliyesema kwamba nyumba zao zimekuwa misikiti.

Namna ya pili ni mikusanyiko ya kudumu lakini midogo: chuo cha Qur'ani barazani kwa mwalimu, darsa la wanawake, halaka ya dhikri. Uislamu wa kusini mwa Tanzania umelelewa hivyo. Walimu wa Kiyao na wa pwani, na masheikh wa tarika, walifundisha katika baraza za nyumba zao, na vizazi vikasomeshwa humo. Aidha tukumbuke kwamba katika vijiji vingi misikiti haina nafasi ya wanawake, na darsa la nyumbani ndilo darasa lao pekee la dini. Kwa hiyo, anayeyapiga marufuku makusanyiko ya majumbani kwa jumla anawanyima elimu wanawake na watoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapa sheria ina haki ya kuhoji idadi ya watu, vyoo, moto na kelele, lakini haina haki ya kuhoji kwa nini watu wanamtaja Mola wao.

Namna ya tatu ni nyumba iliyogeuka msikiti: ina imamu, ina kamati, adhana inapigwa kwa kipaza sauti mara tano, watu wasiojuana na mwenye nyumba wanaingia na kutoka, na hatimaye inaswaliwa Ijumaa. Nyumba ya namna hii imeacha kuwa makazi, na si haki kuficha jambo hilo kwa kusema "ni nyumba yangu". Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, wameshurutisha kwa swala ya Ijumaa watu arubaini wakazi wa mahali hapo, wala hawakuifanya kuwa jambo la kila nyumba kujiamulia.

Na hapa ndipo wengi wanaposhangaa wakielezwa, kwamba fiqhi yetu yenyewe imeuchora mpaka huu karne nyingi kabla ya mipango miji kuwapo. Mahali pa kuswalia ndani ya nyumba, kama pale pa Itban bin Malik, panabaki kuwa mali ya mwenye nyumba. Anaweza kupauza, na akifariki warithi wanapagawana. Lakini msikiti ni wakfu. Ukishawekwa wakfu, umetoka katika umiliki wa mtu, hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi. Sheria ya nchi inauliza: "Je, kiwanja hiki ni cha makazi ama cha ibada?" Sheria ya dini inauliza: "Je, mahali hapa ni pa fulani ama ni pa Mwenyezi Mungu?" Hayo ni maswali mawili yanayotaka jibu lenye uwazi ule ule.

Wasiolijibu swali hilo mapema hulipa gharama baadaye. Ni jambo linalofahamika katika jamii zetu: mzee anatoa chumba au uwanja wake kwa maneno matupu, watu wanaswali hapo miaka ishirini, mzee anafariki, na watoto wake wanakuja na shauri la mirathi. Hakuna hati, hakuna mashahidi waliobaki, hakuna wadhamini. Waumini wanasema ni msikiti, warithi wanasema ni nyumba ya baba. Udugu unavunjika, na mahali palipojengwa kwa takwa panakuwa mahali pa matusi. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na kuichagua ardhi ya kujenga msikiti wake, aliambiwa kuwa ni mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Ikatolewa kwake bure, lakini akakataa kuipokea ila kwa kuilipia thamani yake. Msikiti wa pili kwa utukufu duniani ulianza kwa umiliki usio na utata. Sisi ni nani hata tuanze kwa utata?

Hofu ya watawala si jambo geni

Wapo watakaosema: kwa nini tujihangaishe na makaratasi wakati nia ni njema? Jibu lake ni kwamba jambo lisilo na maelezo ndilo linalotiliwa shaka upesi. Mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilienea katika pwani ya kusini, Lindi ikiwemo, barua iliyodaiwa kutoka Makka ikiwahimiza watu warejee katika dini yao. Ilikuwa muda mfupi tu baada ya vita vya Majimaji, na wakoloni wakaona uasi mwingine unakuja. Walimu wa Qur'ani na mikusanyiko ya dhikri wakatazamwa kama wafanya njama.

Zanzibar nako, Sheria ya Mufti ya mwaka 2001 iliipa ofisi ya Mufti mamlaka juu ya mihadhara na mikusanyiko ya Kiislamu, na mjadala kuhusu mamlaka hayo haujatulia tangu hapo. Wanaoiunga mkono wanasema inazuia fitina. Wanaoipinga wanauliza kwa nini Muislamu aombe ruhusa ya kukumbushana dini na Muislamu mwenzake.

Ulimwengu nao unatupa mazingatio. Nchini Italia, mwishoni mwa mwaka 2023, manispaa ya mji wa Monfalcone ilivizuia vituo viwili vya Kiislamu visitumike kwa swala kwa hoja kwamba majengo yake hayakupangiwa ibada. Hata hivyo ni Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo hiyo iliyotengua, mwaka 2016 na tena 2019, vifungu vya sheria ya jimbo la Lombardia vilivyokuwa vikiitumia mipango miji kuwawekea vikwazo wajenzi wa nyumba za ibada. Marekani, mji wa Bernards katika jimbo la New Jersey uliinyima jumuiya ya Waislamu kibali cha msikiti mwaka 2015, baada ya kuitaka iwe na nafasi nyingi zaidi za kuegesha magari kuliko zilizotakiwa kwa makanisa. Mwaka 2017 mji huo ulikubali kulipa dola milioni 3.25. Na India, Agosti 2022, polisi wa Moradabad walifungua kesi dhidi ya Waislamu 26 kwa kuswali jamaa ndani ya nyumba kijijini kwao, kabla ya kesi hiyo kufutwa kwa kukosa ushahidi.

Sisi tukizisoma habari hizo, moyo unauma, nasi tunasema: huu ni uonevu. Na ni kweli ni uonevu. Lakini tunasema hivyo kwa sababu waliozuiwa ni Waislamu, ama kwa sababu haki imevunjwa?

Kipimo cha haki ni jirani asiye wa dini yako

Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi zote duniani. Kanuni ya mawaziri ya mwaka 2006 ilitaka wanaojenga nyumba ya ibada waonyeshe waumini 90 na ridhaa ya wakazi wengine 60 wa mahali hapo. Matokeo yake Wakristo wachache katika maeneo ya Waislamu walijikuta hawawezi kupata kibali cha kanisa, na wakikusanyika majumbani wanafuatwa na kutawanywa kwa hoja kwamba nyumba si kanisa. Hiyo ni hoja ile ile ya Monfalcone, ila safari hii iko mikononi mwetu.

Sasa turudi Ruvuma. Tunduru ni wilaya ya Waislamu wengi. Mbinga, katika mkoa huo huo, ni nchi ya Wakatoliki wengi, na Peramiho karibu na Songea ina misheni ya Wabenediktini tangu mwaka 1898. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni moja kwa wote. Mkutano Mkuu wa Kijiji una nguvu zile zile Mbesa na Mbinga. Iwapo Waislamu wa kijiji kimoja cha Tunduru watatumia wingi wao kuwakatalia Wakristo wachache kuomba katika nyumba ya mwenzao, watakuwa wamewaandikia hukumu Waislamu wachache wa Mbinga, ambao kesho watakusanyika katika nyumba ya mmoja wao kwa kuwa hawana msikiti.

Na watu wa Mbesa wana sababu ya ziada ya kulifahamu hili. Hospitali ya misheni ya pale inaendeshwa na Kanisa la Biblia, na Waislamu wa Tunduru ni miongoni mwa wanaotibiwa humo. Mtu aliyekubali mkono wa jirani yake siku ya ugonjwa hawezi kumkatalia jirani huyo kupiga magoti sebuleni kwake siku ya Jumapili. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida, aya ya 8, inatuonya kwamba chuki ya watu isitupeleke katika kutofanya uadilifu. Kama chuki haihalalishi dhulma, basi wingi wa kura utaihalalisha vipi?

Wakati huo huo, haki ya jirani inatubana na sisi. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na akamkanusha imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Imepokewa pia kwamba aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa naye yumo katika itikafu, akawataka wasiudhiane kwa kunyanyua sauti. Ikiwa wasomaji wa Qur'ani ndani ya msikiti wake waliambiwa hivyo, basi mwenye halaka ya usiku katikati ya nyumba za watu, na kipaza sauti juu ya paa, mgonjwa na mtoto mchanga wakiwa upande wa pili wa ukuta, hana hoja ya kidini ya kujitetea.

Nini kifanyike

Kwanza, kila familia yenye darsa, chuo au halaka nyumbani ijipime iko katika namna ipi kati ya zile tatu. Ikiwa ni ya kwanza au ya pili, iendelee kwa utulivu, ichunge usafi, njia ya kutokea na sauti, na iwaarifu majirani kwa wema. Ikiwa ni ya tatu, itafute utaratibu wa ardhi kabla ya kutafutwa.

Pili, panapotolewa ardhi au nyumba kwa ajili ya msikiti, wakfu uandikwe mbele ya mashahidi, warithi washirikishwe mtoaji akiwa hai, na mali iwekwe chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Imekuwa ada yetu kuchangisha mabati na saruji haraka na kusahau hati. Mabati hayalindi msikiti mahakamani.

Tatu, Waislamu wahudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji na vikao vya mtaa. Mpango wa matumizi ya ardhi unapojadiliwa ndipo pa kuomba eneo la ibada na madrasa litengwe. Wengi hususia mikutano hiyo, kisha hulalamika eneo likishagawiwa.

Nne, kiongozi akitoa amri ya kuzuia ibada ya nyumbani, asijibiwe kwa ngumi wala kwa matusi. Aulizwe kwa adabu: ni sheria ipi, kifungu kipi, na iko wapi kwa maandishi? Kama ni kelele, sauti ipunguzwe. Kama ni choo, kichimbwe. Kama jibu ni kwamba ibada yenyewe haitakiwi, basi hapo pana Katiba na pana mahakama.

Tano, wenye mamlaka nao watutendee uadilifu. Viwanja vya ibada vitengwe kwa dini zote kwa kipimo kimoja, taratibu za kubadili matumizi zisiwe ghali na ndefu hata wanyonge wakakimbilia kujificha, na usalama usifanywe jina la kupigia vita imani. Mtu aliyenyimwa mlango wa halali kwa miaka mingi, kisha akaadhibiwa kwa kupita dirishani, amedhulumiwa mara mbili.

Ndugu Waislamu, Abubakar (R.A.) hakuyaficha aliyoyaamini, lakini pia hakumdanganya Ibn Daghina. Sharti lilipomshinda, aliurudisha ulinzi kwa uwazi. Nasi tuwe wakweli kwa Mola wetu, kwa majirani zetu na kwa sheria ya nchi, tukidai haki yetu bila woga na kuitoa haki ya mwenzetu bila kinyongo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za dhikri, aihifadhi misikiti yetu na migogoro, na atuepushe na dhulma, tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.

Wabillahi tawfiq.